KUJUTA NA KUSIKITIKA: MKONO WA MTENDAJI KATIKA MAANA YA KITENZI -JUTA

1.0 Utangulizi

Wasikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam wa miaka ya 1980 na 1990 waliyazoea mno matangazo ya vifo. Muundo wake haukubadilika sana: bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea siku fulani, na habari ziwafikie ndugu na jamaa wafuatao. Yamkini ni wachache waliowahi kujiuliza kwa nini kitenzi kilichotumika hapo kilikuwa -sikitika na hakikuwa -juta. Lakini lau msomaji wa matangazo hayo angeteleza ulimi akasema kwamba bwana huyo anajuta kwa kifo cha mama yake, wasikilizaji wangeacha walilokuwa wakilifanya. Swali ambalo lingewajia ni moja: alifanya nini?

Makala hii inakusudia kuchunguza maana ya kitenzi -juta na matumizi yake katika mazungumzo ya kila siku, hasa pale kinapolinganishwa na -sikitika ambacho aghalabu huchukuliwa kuwa kisawe chake. Hoja inayotetewa ni kwamba vitenzi hivi viwili havitofautiani kwa kiasi cha uchungu, kama inavyodhaniwa na wengi, bali kwa nafasi ya mwenye uchungu katika jambo lenyewe. Anayesikitika anaweza kuwa mtazamaji tu, anayejuta hawezi. Tofauti hiyo, ambayo katika mazungumzo ya barazani haina madhara makubwa ikichanganywa, huweza kuwa na uzito mkubwa mahali pengine, na sehemu ya mwisho ya makala inapagusia mahali hapo.

2.0 Tatizo la fasili

Desturi ya kamusi ni kufasili -juta kwa kutumia -sikitika au -huzunika, kisha kuongeza kwamba huzuni hiyo hutokana na jambo lililokwisha kutendeka. Fasili ya namna hii haina kosa, ila haitoshi. Mtu aliyefiwa anahuzunika kwa jambo lililokwisha kutokea, naye hajuti. Mkulima ambaye mahindi yake yamekauka kwa kukosa mvua anasikitika, hajuti. Mkulima huyohuyo akikumbuka kwamba jirani yake alimshauri apande mtama, naye akakaidi, hapo ndipo anapojuta. Ukame ni uleule na hasara ni ileile. Kilichoongezeka ni uamuzi wa mkulima mwenyewe.

Kwa hiyo -juta ina mambo matatu ndani yake. Kuna uchungu, na hapo ndipo inapokutana na -sikitika. Kuna utambuzi uliochelewa: anayejuta sasa anajua jambo ambalo lingalimfaa kulijua kabla. Na kuna kile ambacho makala hii inakiita mkono, yaani kushiriki kwa mwenye kujuta katika kulileta lile linalomuuma, ama kwa kutenda ama kwa kuacha kutenda. Bila mkono huo uchungu unabaki kuwa masikitiko, hata uwe mkubwa kiasi gani.

Kuhusu utambuzi uliochelewa, wapo wanaoliunganisha neno -juta na -jua, kwa kuwa anayejuta amejua kwa kuchelewa. Sikio hushawishika, lakini sarufi haitoi msaada. Kiambishi -at- kinachoonekana katika fumbata, kamata na ambata huleta maana ya kushika au kugandamana, tena hakizalishi vitenzi vipya siku hizi. -Juta haina irabu ya kiambishi hicho wala maana yake. Uhusiano wa maneno hayo mawili basi uubakie katika fikra za wasemaji, ambamo bila shaka upo. Msemaji anayelia "laiti ningalijua" hahitaji kuongeza kwamba anajuta.

3.0 Ushahidi wa mnyambuliko na wa miundo

Kuwapo kwa mkono katika maana ya -juta si jambo la kukisiwa. Sarufi yenyewe inalishuhudia, na mahali pa kuanzia ni kauli ya kutendea:

(1) a. Ninamsikitikia mjane yule.
    b. *Ninamjutia mjane yule.

Katika (1a) uchungu wa msemaji unaelekezwa kwa mtu mwingine kwa huruma. Sentensi (1b) haikubaliki kwa maana hiyo. Itakubalika iwapo msemaji ni mwanamume aliyewahi kukataa kumwoa mwanamke huyo na sasa anaona alivyopoteza. Lakini hapo mjane si mtu wa kuhurumiwa tena, bali ni nafasi iliyoachwa ikapita. Ndiyo maana yambwa ya -jutia kwa kawaida ni tendo, wakati au kitu kilichopotezwa: kujutia kosa, kujutia ujana, kujutia fedha iliyotumika ovyo. Huruma haimo.

Kauli ya kutendeana inathibitisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine:

(2) a. Majirani walisikitikiana kwa msiba ule.
    b. *Majirani walijutiana kwa msiba ule.

Masikitiko hupokezanwa. Mtu humsikitikia mwenzake, na mwenzake akamrudishia. Majuto hayavuki kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Hata washirika wawili walioharibu biashara yao kwa pamoja husemwa kwamba wote wawili wanajuta, kila mmoja kivyake, wala hawajutiani.

Kauli ya kutendesha nayo ina jambo la kusema, ingawa kwa sauti ya chini zaidi. Habari za ajali husikitisha kila azisikiaye. Ili habari hizo zimjutishe mtu, sharti zimguse aliyelikodi gari bovu, au aliyewasihi abiria wapande. Maneno ya mama huweza kumjutisha mwana kwa sababu humwonyesha mwana alichokifanya.

Ushahidi ulio mzito zaidi, hata hivyo, unapatikana katika shamirisho zinazofuata kitenzi. Linganisha:

(3) a. Mzee anajuta kuuza shamba.
    b. Mzee anasikitika kwamba mwanawe ameuza shamba.
    c. ?Mzee anajuta kwamba mwanawe ameuza shamba.

Katika (3a) aliyeuza ni mzee. Kitenzi-jina kinachofuata -juta hakiruhusu mtendaji mwingine. Sentensi (3b) haina tatizo. Sentensi (3c) inamsumbua msikilizaji, na inafaa kutazama jinsi anavyojitoa katika usumbufu huo. Haikatai sentensi moja kwa moja. Huanza kuitafutia mzee sehemu katika kuuzwa kwa shamba: labda ndiye aliyemwandikisha mwana hati, labda ndiye aliyemlea vibaya, labda alionywa. Msikilizaji, kwa maneno mengine, huutafuta mkono usiotajwa, na asipoupata husema kwamba msemaji amekosea Kiswahili. Mwalimu wa sekondari anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba maana ya neno huamua muundo wa sentensi hana haja ya mfano mwingine.

Kwa upande wa nomino, -juta hutupatia majuto, na hutumika kwa wingi tu. Juto kwa umoja ni nadra kusikika. Wingi huo ni wa kawaida kwa nomino za hisia za ngeli hii, kama vile masikitiko, majonzi na maumivu. Majuto ni jina la watu pia. Mchekeshaji Amri Athumani (1948-2018) alifahamika kote Afrika Mashariki kwa jina la King Majuto, na watu walicheka kabla hajafungua kinywa.

4.0 Mkono usio na hatia

Hapa inabidi kuzuia kosa ambalo linaweza kutokana na hoja iliyotangulia. Kusema kwamba anayejuta ana mkono si kusema kwamba ana hatia. Mama aliyemtuma mtoto dukani, naye mtoto akagongwa na gari njiani, atasema:

(4) Najuta kumtuma.

Hakuna mtu mwenye akili zake atakayemhukumu mama huyo. Kumtuma mtoto dukani si kosa kwa sheria, kwa dini wala kwa desturi. Lakini neno analolichagua linamweka yeye mwenyewe katika mnyororo wa mambo yaliyoleta mauti: asingalimtuma, mtoto asingalipita pale. Anayemsikia hulielewa hilo vyema, na uthibitisho wake umo katika jibu analolitoa. Kwa mfiwa anayesema "nasikitika" jibu ni "pole". Kwa mama huyu "pole" peke yake haitoshi. Wanawake waliomzunguka humwambia: "Usijute, mwanangu, ahadi yake ilikuwa imefika," au "Kazi ya Mungu haina makosa." Faraja hiyo ina kazi maalumu. Inautoa mkono wa mama katika jambo na kumrudishia Mwenyezi Mungu tendo lote. Wakifaulu, majuto yatageuka kuwa masikitiko tu, nayo masikitiko yana desturi zake za kuyabeba: matanga, hitima, arubaini. Wasipofaulu, mama atabaki na majuto yake baada ya wageni kuondoka.

Kuacha kutenda nako ni mkono. "Najuta kutosoma" husemwa na mtu mzima ambaye hakuna aliyemzuia kusoma, au anayeamini hivyo. Aliyekosa shule kwa sababu wazazi hawakuwa na karo husema kwa kawaida "nasikitika sikusoma," na akisema anajuta, msikilizaji atakuwa na haki ya kumuuliza kisa chake.

Pana msemo mmoja unaoonekana kuipinga hoja hii waziwazi, nao ni "kujuta kuzaliwa". Hakuna binadamu aliyeshiriki katika uamuzi wa kuzaliwa kwake. Je, mkono uko wapi? Jibu linalofaa ni kwamba msemo huu hupata nguvu zake kutokana na kulivunja sharti lenyewe. Anayeyasema hayo amefikia hali ambayo makosa ya kujutia yamekwisha. Amerudi nyuma hatua kwa hatua katika maisha yake hata akafika mahali asipokuwa na la kuchagua, na bado anajilaumu. Lau -juta ingalikuwa na maana ya kuhuzunika tu, "kujuta kuzaliwa" ingalikuwa sentensi ya kawaida isiyomshtua mtu. Nayo humshtua kila mtu.

5.0 "Utajuta"

Katika nafsi ya kwanza -juta husemwa kwa uzito, mara nyingi katika wakati timilifu: "nimejuta" ni hali iliyomkuta mtu na bado anayo, kama "nimechoka". Ishara yake ya zamani ni kujiuma kidole. Lakini huenda umbo la kitenzi hiki linalosikika zaidi mitaani ni la nafsi ya pili, wakati ujao: "utajuta", au "utakuja kujuta". Umbo hilo lina matumizi mawili ambayo maandishi hayayatenganishi.

Bibi anapomwambia mjukuu wake anayetaka kuacha shule, "Mjukuu wangu, utakuja kujuta," anatoa onyo. Adui anapomwambia adui yake "utajuta kunifahamu," anatoa kitisho. Tofauti ya wazi ni kwamba katika onyo madhara yatakuja yenyewe, na katika kitisho madhara yataletwa na msemaji. Jambo la kuvutia ni kwamba anayetisha halisemi hilo. Lugha inampa neno "nitakujutisha", nalo ni sahihi kisarufi, lakini husikika mara chache tu. Sababu yake si ngumu kuiona. Katika "nitakujutisha" mtendaji ni msemaji. Katika "utajuta" mtendaji ni yule anayeambiwa: yeye ndiye atakayekuwa ameyataka, na maumivu yatakayomfika yatakuwa matunda ya tendo lake mwenyewe. Anayetisha anakopa mamlaka ya bibi. Anautanguliza mkono wa mwenziwe ili auficha wake.

Umbo la kukanusha pia linastahili neno moja. Asemaye "sijuti kumpiga" amekana kosa, lakini amekiri kupiga. Mkono unabaki palepale katika kukubali na katika kukanusha.

6.0 Mjukuu

Methali isemayo kwamba majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume, hufundishwa shuleni kwa maana moja: majuto huja baadaye. Maana hiyo ni sahihi lakini inaacha swali. Mambo yanayokuja baadaye ni mengi. Kwa nini achaguliwe mjukuu?

Mtoto angetosha kuonyesha kwamba jambo moja huzaa jingine. Mjukuu huonyesha uzazi wa mara mbili. Tendo huzaa matokeo, nayo matokeo huzaa majuto; na kama ilivyo kwa mjukuu, kati ya mwanzo na mwisho kuna kipindi ambacho mtendaji huweza kudhani kwamba mambo yamekwenda vizuri. Aliyeuza shamba hufurahia fedha kwanza. Majuto hayaji siku ya kuuza, huja fedha zinapokwisha. Zaidi ya hayo, mjukuu si mgeni. Hawezi kukataliwa mlangoni kwa hoja kwamba hafahamiki, kwa kuwa ni damu ya mwenye nyumba. Methali ingaliweza kuyafananisha majuto na mgeni, na mgeni katika methali za Kiswahili yupo tele, haikufanya hivyo. Wahenga waliotunga maneno haya waliuona mkono ambao kamusi zimeuacha.

7.0 Kujuta, kutubu na kughairi

Kiswahili kimechukua kutoka Kiarabu maneno mengi ya uwanja huu: toba na -tubu, -samehe na msamaha, radhi, -ghairi. Maneno haya na -juta hayagombei nafasi moja. Katika mafundisho ya Kiislamu toba ina masharti: kuiacha dhambi, kuionea uchungu, kuazimia kutoirudia, na kurudisha haki ya mtu iwapo ilichukuliwa. Uchungu huo, ambao Kiarabu huuita nadama, ndio ambao wanaofundisha kwa Kiswahili hueleza kwa neno majuto. Kwa hiyo kujuta ni sehemu ya kutubu, wala si kutubu kwenyewe. Mtu huweza kujuta maisha yake yote bila kutubu, kwa sababu majuto hutazama nyuma na toba inadai hatua ya mbele.

Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walikuwa na tofauti hiyo hiyo mbele yao. Yuda, baada ya kumsaliti Yesu, katika Mathayo 27 anatajwa kwa kitenzi -juta. Hatajwi kwa -tubu, na mwisho wake unajulikana. Penye Mwanzo 6, Mungu anapohuzunika kwa kumwumba mwanadamu, wafasiri walichagua -ghairi, ambalo ni kubadili nia. Na katika Hesabu 23, inaposisitizwa kwamba Mungu si kama mwanadamu, kitenzi kinachokanushwa ni -juta. Chaguo hizo zinapatana na yaliyosemwa hapo juu. Anayejuta hakujua, asiyefichikiwa na jambo hana cha kujutia.

8.0 Ofisini na mahakamani

Barua za ofisi hutumia -sikitika, na zinafanya vyema: "Tunasikitika kukuarifu kwamba ombi lako halikukubaliwa." Ofisi haijuti kumnyima mtu kazi, ingejuta, ingempa. Lakini katika matangazo ya miaka ya karibuni huonekana sentensi ya aina hii:

(5) Tunajutia usumbufu uliojitokeza.

Ni tafsiri, na mfasiri amefikiri kwamba -jutia ni neno zito zaidi, hivyo lina adabu zaidi. Ameandika sentensi inayopingana yenyewe kwa yenyewe. Kitenzi cha kwanza kinakubali mkono. Kirejeshi kinachofuata kinaukana, kwa kuwa usumbufu umejitokeza wenyewe, bila aliyeutoa. Mwenye ofisi na achague. Kama usumbufu ulijitokeza, anasikitika. Kama anajuta, basi aseme usumbufu "tuliousababisha" na aombe radhi.

Kosa la ofisi huishia katika kicheko. Lile la mahakamani haliishii hapo. Kwa muda mrefu nchini Tanzania, ukiacha Mahakama za Mwanzo, mshtakiwa alisema Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo neno lake la kawaida la kuonyesha majuto hutumika vilevile kwa pole, kwa samahani na kwa masikitiko. Yote manne yaliweza kuingia katika jalada kwa umbo moja. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa hiyo neno lenyewe alilolitamka mshtakiwa sasa lina njia ya kufika kwenye kumbukumbu. Hii ni faida kubwa, iwapo wanaoandika wanajua kinachoandikwa.

Chukua dereva wa bodaboda aliyeshtakiwa kwa kumgonga mtoto, naye amekana shtaka. Akiulizwa, huweza kusema lolote kati ya haya:

(6) a. Nasikitika kwa yaliyompata mtoto.
    b. Najuta kupita njia ile.
    c. Najuta kuendesha kwa mwendo ule.
    d. Najuta.

Sentensi (6a) ni utu wa kawaida na haimfungi kwa lolote. Katika (6b) ana mkono, lakini ni mkono wa yule mama aliyemtuma mtoto dukani. Kupita njia si kosa. Katika (6c) amesema jambo ambalo wakili wake asingependa kulisikia. Tofauti ya (6b) na (6c) haimo katika kitenzi, imo katika shamirisho. Nayo (6d), iliyo fupi kuliko zote, ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa msikilizaji hulijaza pengo mwenyewe, kama ilivyoonekana katika (3c), na kila msikilizaji hulijaza kwa dhana aliyokuja nayo.

Baada ya hukumu mambo hugeuka. Majuto ya mkosaji ni miongoni mwa mambo yanayoweza kupunguza ukali wa adhabu, na hapo aliyetiwa hatiani anayesema "nasikitika kwa yaliyotokea" huenda akaonekana hajauona mkono wake bado, hata kama machozi yanamtoka. Huenda pia akawa ni mtu ambaye lugha yake ya kwanza si Kiswahili, aliyelichukua neno lililokuwa karibu. Hakimu anayo njia rahisi ya kujua, nayo ni kuuliza "Unajutia nini?" na kuhakikisha kwamba jibu linaandikwa pamoja na shamirisho lake, kama lilivyotamkwa.